Gari Ndogo, Gari Dogo

Zephaniah Mghanga alikuwa na imani chache, na mojawapo ni kwamba vigari vikali vya Ulaya haviwezi kuuzika Marekani. Kwa miaka mingi imani hiyo haikumgharimu kitu, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Ilianza kumgharimu mwaka 2003, mwezi wa Aprili, siku ambayo mkewe Lydia alirudi kutoka zamu na habari kwamba hospitali moja ya Houston imemwajiri, na kwamba viza za ukaazi zingetolewa kwa wote watatu: yeye, mumewe, na binti yao Maureen.

Vigari vikali ni jina alilolitunga mwenyewe. Ni yale magari mafupi yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, ambayo kiwanda huyachukua yakiwa ya kwendea sokoni, kisha huyatia injini ya kuwapumbaza watu wazima. Waingereza huyaita ya moto. Kiswahili hakiwezi kuwafuata huko, kwa sababu gari la moto ni treni, na Zephaniah hakuwa mtu wa kuliacha neno lipande treni isiyo yake. Alikuwa amefundisha ufundi katika shule ya sekondari Voi kabla ya kuja London kusoma, na London ilipokataa kumpa darasa aliishia kwenye gereji, akabaki na tabia za darasani. Matangazo ya ibada ya Kiswahili aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu akiwa bado kanisani.

Gereji yenyewe ilikuwa yake na Baudouin, Mkongomani wa Bukavu aliyefika London kama mkimbizi na kuanza kwa kusafisha ofisi. Walipanga uwanja nyuma ya maduka ya Rayners Lane, karibu na stesheni, na kazi yao ilikuwa hiyo moja: kuvishusha vigari vikali karibu na lami, kuvibadilishia springi, shokapu na breki, na kuzifanya injini zao zipumue vizuri zaidi ya vile kiwanda kilivyothubutu. Wateja walikuwa vijana wa Stanmore wenye fedha za baba zao, na wanaume wa makamo waliokuwa wamejinyima mpaka wakachelewa. Wote walimtaka Zephaniah. Mtu akitaja kona fulani ya mlima wa Stanmore iliyomshinda, yeye alijua kilichomshinda ni nini, na mara nyingi hakikuwa gari.

Lydia alisema ataenda. Hakusema angependa kwenda. Kwa miaka aliwafundisha kazi wauguzi wachanga ambao baadaye walirudi wodini wakiwa wakubwa wake, na alikuwa amechoka kuwapongeza. Zephaniah naye alisema atamfuata kwa sharti moja tu, kwamba huko kuwe na kazi yake, hii hii anayoijua, si kazi yoyote itakayopatikana. Alikuwa amewaona waume wa wauguzi pale Kenton walipoishi, wanaume waliofuata viza za wake zao na sasa wanatazama televisheni saa sita mchana wakiwa wamevaa viatu, kana kwamba wanatoka. Alisema hatakuwa mzigo wa mkononi. Kwa hiyo swali la kama vigari vikali vingeuzika Marekani, ambalo magazeti ya magari yalilijadili kwa kujifurahisha, katika nyumba hiyo lilikuwa swali la kama ndoa itavuka bahari ikiwa nzima.

Naye alilijibu kwa uaminifu. Alimweleza Lydia wakiwa mezani, kwa utaratibu wa mtu aliyewahi kusahihisha insha, kwamba petroli ya kule ni rahisi, na palipo na petroli rahisi hakuna anayeona fahari kuibana. Barabara zao zimenyooka. Kigari kikali huonyesha ubora wake kwenye kona, na kukipeleka mahali ambapo kona hutangazwa kwa ubao maili nzima kabla ya kufika ni kumpeleka samaki ashindane na farasi. Tena kule umbo lenyewe lina aibu yake: gari lisilo na buti la kutokeza nyuma huhesabiwa kuwa la mwanafunzi, au la mtu aliyeachwa na mkewe. Na juu ya hayo kuna bei. Mmarekani mwenye fedha za kununua kigari kikali tayari ana fedha za kununua gari kubwa lisilo kali, naye atachukua ukubwa, kwa sababu ukali unahitaji dereva, lakini ukubwa huonekana hata gari likiwa limeegeshwa. Viwanda viwili vitatu vya Ulaya vilikuwa vimejaribu. Walionunua ni watu wa namna moja, wasomaji wa magazeti ya Uingereza wanaoishi karibu na vyuo vikuu, na watu wa namna hiyo hawatoshi kulisha gereji.

Lydia alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Maureen," akasema, "nimekuuliza kama utakuja. Sikukuuliza habari za Wamarekani."

Mdogo wake Lydia, Eddie, alikuwa dereva wa malori huko Houston, akivuta trela mpaka California na kurudi. Jumapili moja baada ya ibada alipiga simu, na Lydia, aliyekuwa akikata sukuma wiki, akaiweka juu ya meza ya jikoni ikiwa na sauti wazi ili wote wamsikie. Zephaniah alimwuliza bila kuzunguka. Akamwambia asimfurahishe, amweleze kama mtu anayeishi barabarani: huko watu wananunua magari gani?

"Shemeji, huku ni gari ndogo tu," Eddie alisema. "Kila nyumba gari ndogo mbili, tatu. Mtoto akifika umri wa kuendesha, wanaongeza gari ndogo. Zinauzwa kama njugu."

"Na injini? Wanajali injini?"

"Injini ndiyo wanaangalia kwanza. Gari isiyo na nguvu huku hawataki kuiona."

Lile "gari ndogo" lilimkwaruza Zephaniah sikio. Gari liko katika ngeli ya li-ya: gari dogo, magari madogo. Alilisahihisha kimoyomoyo, kama alivyosahihisha matangazo ya kanisani, na kilichobaki kichwani mwake ni kauli iliyokwisha kusahihishwa: magari madogo yenye injini kali yanauzwa kama njugu. Eddie aliendelea kueleza kuhusu rafiki yake mwenye uwanja kando ya barabara kuu, ambao angeweza kuukodisha kwa fundi mwenye jina. Simu ilipokatwa, Zephaniah alikwenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu, na akiwa kwenye sinki alipiga mluzi. Lydia aliendelea kukata sukuma, taratibu, nyembamba kuliko ilivyohitajika.

Mtu wa shaka akiamua kuamini huamini kwa pupa, kama mtu wa kujinyima anayeamua kunywa. Kufikia Juni Zephaniah alikuwa amezipindua hoja zake zote, na kila moja ilipinduka bila ubishi. Petroli ikiwa rahisi, mtu atakibana kigari mpaka kitoe chote kilicho nacho. Barabara zikiwa zimenyooka, kona chache zilizopo zitakuwa na thamani ya vitu adimu. Baudouin alipoambiwa alisimama na spana mkononi.

"Kaka, mi nilifikiri batu ba kule banapenda bintu bikubwa."

"Hata mimi nilifikiri hivyo," Zephaniah alisema. "Tulikuwa tunasoma magazeti. Huyu anaishi huko."

Julai alimwuzia Baudouin sehemu yake ya gereji. Mwenye uwanja, Bi Damyanti, mjane aliyezaliwa Kisumu na kuja London akiwa bi harusi, alikuja mwenyewe kubadilisha jina kwenye mkataba. Alitia saini akiwa ameuegemeza mkataba kwenye boneti ya gari la mteja, kisha akamtazama Zephaniah juu ya miwani.

"Mimi nilipohama niliambiwa London kuna kila kitu," alisema kwa Kiswahili cha Kisumu ambacho miaka thelathini na zaidi ya Kenton haikukigusa. "Hata bamia. Ni kweli, bamia zilikuwepo. Nilikula viazi miaka saba kabla sijajua zinauzwa wapi."

Zephaniah alimwambia Bi Damyanti kwamba yeye amekwisha kuuliza zinapouzwa.

Agosti ya mwaka ule London ilipata joto ambalo magazeti yalilipokea kama tusi. Reli zilipinda, treni zikatambaa, na ndani ya gereji hakuna chuma kilichoweza kushikwa bila kitambaa. Katika joto hilo Eddie alifika. Alikuwa njiani kwenda Voi kumzika ami yao, na ndege yake ilimwacha London siku mbili. Alikuwa mtu mpana, mchangamfu, mwenye shingo iliyochomwa na jua upande mmoja tu, ule wa dirisha la lori. Lydia alikuwa kazini, hivyo Zephaniah alimchukua stesheni kwa miguu na kumpeleka moja kwa moja uwanjani, akiwa na fahari ambayo hakuificha vya kutosha.

Katikati ya gereji kilikuwepo kigari chake mwenyewe, cha kijivu, ambacho kwa miaka minne hakikuwahi kukamilika. Kabla ya kuuza alikuwa amekikamilisha. Eddie alikizunguka, akagonga paa kwa kidole.

"Na hiki je? Cha Maureen?"

"Hilo ndilo," Zephaniah alisema.

"Ndilo nini?"

"Ndilo gari lenyewe. Ingia."

Kuingia kwa Eddie kulikuwa kazi ya awamu. Baudouin alisaidia kusogeza kiti nyuma, kisha akajificha kwenye boneti ya gari jingine, mabega yake yakitikisika. Zephaniah aliendesha kupitia Harrow, akapanda mlima wa Stanmore, na huko juu, mahali ambapo nyumba huachana na miti huanza kukaribia barabara, alikiachia. Hakwenda mwendo wa kijinga. Alizichukua kona moja baada ya nyingine, kila moja kwa pembe yake, kama mtu anayesoma kwa sauti kifungu anachokijua. Eddie alishika mpini juu ya mlango kwa mikono miwili. Kona ya tatu aliuachia mkono mmoja. Waliposimama juu, penye nafasi ya kuegesha, uso wake ulikuwa umelowa, naye alicheka mpaka akakohoa.

"Shemeji, hiki kitu kitamu. Kinashika barabara kama kupe. Mimi miaka yote ya kuendesha sijawahi kuhisi hivi." Akajifuta. "Lakini kule nani atakinunua?"

Zephaniah alidhani ni utani wa shemeji, na alijibu kama inavyopasa.

"Watanunua hao wanaonunua kama njugu. Si wewe uliyesema?"

"Mimi nilisema nini?"

"Magari madogo. Kila nyumba mawili, matatu."

Eddie alimtazama. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo, kama maji yanavyoondoka kwenye beseni.

"Mimi nilisema gari ndogo."

"Ndiyo."

"Gari ndogo, shemeji. Siyo lori. Siyo trela, siyo basi. Gari ya mtu ya nyumbani." Alinyoosha mikono kuonyesha upana, ikagonga kioo upande mmoja na bega la Zephaniah upande wa pili. "Kama yangu. Yangu inabeba watu wanane, kuingia unakanyaga kibao kwanza, tairi inakufika hapa kiunoni. Huku Ulaya nadhani haiwezi kupita hizi njia zenu."

"Hiyo ndiyo gari ndogo?"

"Sasa utaiitaje? Haihitaji leseni ya gari kubwa."

Zephaniah hakuona kosa la kusahihisha. Alikuwa amezaliwa kando ya barabara ya Mombasa. Utoto wake wote aliwasikia askari kwenye kizuizi cha Voi wakipiga kelele: gari ndogo pita, gari kubwa kando. Gari ndogo haikuwa kipimo, ilikuwa kabila. Ndani yake liliingia hata gari la mkuu wa wilaya lililokuwa refu kama jahazi. Gari dogo ni jambo jingine, nalo ndilo alilolisikia yeye peke yake, kwa sababu ndilo alilolitia mwenyewe mahali pa lile lililosemwa. Alikuwa amekaa London mpaka akakisahau Kiswahili kwa kukisahihisha.

Eddie, ambaye hakuwa na hatia yoyote, alianza kujitetea kama mwenye hatia. Alisema kazi ipo, magari makubwa pia huharibika, tena huharibika kwa ukubwa. Alisema angejua maana ya swali angejibu vingine. Kisha, akitafuta wa kumgawia lawama, akasema jambo ambalo hakulipima.

"Na dada alikuwa pale pale anasikiliza. Kwani yeye hakukufafanulia? Huyo amelelewa kwenye kebini ya lori la baba."

Walishuka mlima. Zephaniah alizichukua zile kona kwa mwendo wa teksi.

Siku iliyofuata, Eddie alipokwisha kusindikizwa uwanja wa ndege, Lydia alikuwa jikoni akipiga pasi. Madirisha yote yalikuwa wazi na hayakusaidia. Ghorofani Maureen alikuwa akiburuta masanduku, akiimba wimbo fulani wa redio. Zephaniah alikaa mezani, mahali ilipokuwa simu siku ile.

"Ulielewa lini?" aliuliza.

Lydia hakujifanya hajui swali ni la nini. Aliigeuza sare ya kazi, akanyoosha kola.

"Siku ileile. Alipotamka tu."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Niliuza gereji, Lydia."

Kwa kawaida alimwita Mama Maureen. Jina lake hasa lilitoka mara chache, na sasa lilisikika kama jina la mtu anayeitwa kwenye foleni. Lydia aliisimamisha pasi wima.

"Ulipokata simu ulipiga mluzi," alisema. "Sijui kama unakumbuka. Miaka kumi nimeishi nawe nchi hii sijasikia mluzi ndani ya nyumba. Nikasema, acha. Nikasema, atafika kule, ataona mwenyewe, atakasirika wiki mbili, kisha atatafuta kazi kama watu."

"Ulijua nitaanguka."

"Nilijua."

"Ukapanga nianguke mahali ambapo siwezi kurudi."

"Nilipanga uanguke nilipo mimi," Lydia alisema.

Juu yao sanduku liligonga ukuta. Zephaniah aliitazama mikono yake, ambayo ilikuwa safi kwa wiki ya nne mfululizo. Aliyaelewa maneno hayo. Hayakuwa na ngeli ya kukosea. Aliona pia kwamba pengine hakuna mtu aliyewahi kumwambia jambo kubwa kuliko hilo, na kwamba mume mwingine, mwenye akili zaidi kidogo au pungufu kidogo, angeinuka akaizunguka meza. Yeye alibaki akilipima.

"Kama ungeniambia kweli siku ile," akasema, "ningebaki."

"Najua."

"Basi."

"Basi ndiyo maana sikukwambia," Lydia alisema. "Sasa umejua. Njoo hivyo hivyo. Hakuna nchi ambayo watu hawasimami, Baba Maureen. Breki zinahitajika kila mahali."

Njia ilikuwepo, pana na ya kawaida, na wanaume wengi wasiomzidi kwa lolote walikwisha kuipita: angekwenda, angelala chini ya magari ya watu wanane, angefunga matairi yanayofika kiunoni, na jioni angerudi katika nyumba yenye mke na mtoto. Hakuna aliyemfungia. Ila kila alipojaribu kujiona huko, alimwona mtu aliyepelekwa. Alimwona Lydia akimtazama mezani kwa subira ya muuguzi, akihesabu kimoyomoyo zile wiki mbili za hasira alizokwisha kumpangia. Angeweza kuusamehe uongo. Kilichomshinda ni kwamba uongo ule ulikuwa umemjua vizuri mno.

Alimwambia atafikiri. Lydia aliichukua tena pasi.

Wiki ile alikwenda Rayners Lane kumwona Baudouin. Hakuomba, alieleza tu yaliyotokea, akayapanga yaonekane kama kichekesho, na Baudouin hakucheka. Mpwa wake Cédric alikwisha kuingia mahali pa Zephaniah, na jina lake ndilo lililokuwa kwenye mkataba. Baudouin alizungusha kitambaa mikononi muda mrefu.

"Kazi iko, kaka," alisema mwishowe. "Kazi iko kila siku. Lakini ya patron, ya mwenye gereji, hapana."

Zephaniah alisema kazi inatosha. Jumatatu iliyofuata alivaa ovaroli aliyokuwa amemwachia Cédric, na Cédric, aliyelelewa vizuri, akamwamkia kila asubuhi kwa heshima ambayo ilikuwa ngumu kuvumilia.

Nyumbani hakuna aliyetangaza uamuzi. Uliingia wenyewe, kama unyevu. Tiketi zilikatwa mbili, kwa maelezo kwamba ya tatu itakatwa baadaye. Lydia alinunua mashuka ya kitanda cha mtu mmoja na kuyaacha kabatini, bado yako ndani ya karatasi zake, bila kusema ni ya nani. Viza ya Zephaniah ilikuwa na uhai hadi Desemba. Jambo hilo walilijua wote wawili, na katika mazungumzo yao walilizunguka jinsi watu wanavyoizunguka ngazi iliyosimamishwa njiani.

Siku ya safari, asubuhi ya Septemba iliyokwisha kupoa, Zephaniah alisema atawapeleka uwanja wa ndege kwa gari lake. Alikirudisha nyuma kile kigari cha kijivu mpaka mlangoni, akafungua mlango wa nyuma, na kwa nusu saa alipambana na masanduku. Viti vya nyuma vikisimama, sanduku moja liliingia na mengine yakakataa. Vikilazwa, masanduku yote yaliingia na mtu mmoja akabaki nje. Alijaribu kwa kuyalaza, kwa kuyasimamisha, kwa kuyapishanisha. Majirani wawili walikuja kutoa ushauri. Lydia alisimama kizingitini amekunja mikono, na kwa huruma ambayo mumewe hakuiomba, akamwacha aendelee. Mwishowe yeye ndiye aliyepiga simu ya teksi ya mtaani, ikaja ile ya watu wanane, masanduku yakaingia nyuma yakapotea, na viti sita vikabaki vitupu.

Lydia alisema hakuna haja ya mumewe kuja nao. Watu huagana mara mbili, nyumbani na uwanjani, na ile ya pili huharibu ya kwanza. Alimshika mkono, kisha akamshika uso, upesi, kama anayepima homa, akaingia garini.

Maureen alibaki kando ya baba yake. Alikuwa na miaka kumi. Kiswahili alikielewa, lakini tangu aanze shule alikuwa akijibu kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza hicho alimwuliza kama atakuja kabla ya Krismasi.

"Ningependa kuja, mama," Zephaniah alisema.

Alitamka sawasawa, kila silabi mahali pake. Katika Kiswahili hakuna kilicho wazi kuliko silabi ile moja, nge, inayotenganisha jambo litakalokuwa na jambo ambalo lingekuwa. Lakini mtoto aliyejifunza Kiswahili kwa kusikia jikoni hujifunza mwanzo na mwisho wa sentensi, na katikati hukisia. Uso wa Maureen ulichangamka. Aliruka ndani ya teksi na kumtangazia mama yake, na dereva pia, kwamba baba amesema anapenda kuja na atakuja Krismasi.

Lydia aligeuka akamtazama mumewe kupitia dirisha lililo wazi. Hakukunja uso. Alikuwa akimsubiri tu, yeye aliyewasahihisha wachungaji na wazee wa kanisa, yeye ambaye hajawahi kuliacha neno la mtu lipite likiwa limepinda. Dereva aliangalia saa. Zephaniah alifungua kinywa, akakifunga, akaweka mkono juu ya paa la teksi kama mtu anayeitakia safari njema, kisha akauondoa.

Desemba, na viza pamoja nayo, iliisha siku ya kazi, kama miezi mingi inavyoisha. Mvua ilikuwa ikinyesha Rayners Lane, na Zephaniah alikuwa chini ya kigari cha mteja mmoja, karani wa benki wa Stanmore, ambaye alipenda kusimama na kuongea wakati wenzake wanafanya kazi. Mteja alikuwa amesoma mahali fulani kwamba viwanda vya Ulaya vinafikiria tena kuvipeleka vigari hivi Marekani kwa wingi. Akamwuliza fundi anaonaje. Vingeuzika?

Zephaniah alijibu akiwa pale chini. Alieleza habari za petroli, na za barabara, na za umbo, na za bei, kwa mpangilio, bila kuruka hatua, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa na kosa. Alichukua muda. Alipomaliza, mteja alikuwa amekwisha kusogea mlangoni kuangalia mvua, na alichotaka kujua sasa ni saa ngapi gari litakuwa tayari.

"Alasiri," Zephaniah alisema, akaomba asogezewe taa.